Koki Mapacha

Njombe, Jumatano, mwezi wa Julai.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mkono wangu wa kulia unauma ninapoandika. Herufi zitakuwa mbaya. Nivumilie, shajara yangu, leo nimeogopa kuliko siku zote nilizowahi kukuandikia.

Nianze na baba mkwe. Tangu mume wangu aseme baba yake anakuja kukaa nasi, ili apelekwe hospitali ya misheni Uwemba kutazamwa macho, sijalala vizuri. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Lakini si macho yake yanayonitisha. Kinachonitisha ni heshima yake.

Kwetu Wabena mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali kidogo. Kwa watu wa mume wangu, huko Ukinga, ni zaidi. Jina lake silitaji, mbele yake sipiti, na yeye haniiti kwa lolote. Tukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Mwaka jana alipotutembelea alikanyaga kaa la moto, na nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Hakutoa sauti. Alikaa kibarazani na mguu ule mpaka mwanawe aliporudi kutoka kazini boma jioni, ndipo akasema, "Nadhani nimeungua."

Maneno hayo yamekuwa yakinirudia tangu tulipoanza kujenga bafu.

Mume wangu ni karani, na makarani wanapenda vitu vilivyonyooka. Ametaka bafu la ndani lenye bomba la mvua, kama la Bwana DC. Maji ya baridi yanatoka kwenye tangi. Ya moto yanatoka kwenye pipa la mafuta lililolazwa nyuma ya ukuta, juu ya moto wa kuni za miti ya miwati. Miwati ikikolea, maji hayo yanachemka yakafaa kupikia chai, na hakuna cha kuyazuia ila koki ile aishikayo mwogaji.

Koki tulikwenda kuzichagua Makambako wiki iliyopita, kwa lori. Mhindi mwenye duka alizipanga juu ya meza: za shaba, za nikeli, zenye vishikio vya msalaba, zenye mkono mmoja mrefu. Mume wangu alitua moja kwa moja kwenye pea ya nikeli, misalaba miwili iliyofanana kabisa, na sahani zake za ukutani za nikeli, na kichwa cha bomba cha nikeli hiyo hiyo. Zilipendeza, siwezi kukataa. Niliona sura yangu ndani yake.

Nikasema polepole kwamba ningependa moja ya msalaba na moja ya mkono mrefu, mtu ajue kwa kupapasa ipi ni ipi.

"Mama, hii pacha," Mhindi akasema. "Moja ikienda na wewe, nyingine nani atanunua?"

Mume wangu akacheka. "Watu watasema tumeokota jalalani," akasema. "Zina herufi, mama. H ni moto, C ni baridi."

Herufi! Kwa mtu asiyeona kucha zake. Lakini tulikuwa dukani, mbele ya watu, nikamwacha alipe.

Leo asubuhi fundi amemaliza, akawasha moto wa kujaribia. Alipoondoka kwenda kula niliingia bafuni, nikafumba macho nijifanye baba mkwe. Nikanyoosha mkono wa kulia, kama mtu yeyote anavyonyoosha, nikafungua. Maji yalinipata kuanzia kiwiko hadi kiganja. Nililia peke yangu humo ndani, kwa maumivu na kwa hofu pia.

Fundi aliporudi nilimuuliza kwa nini moto uko kulia. Alishangaa kuulizwa. "Mama, maji ya moto si ndiyo ya mgeni? Cha mgeni nitakiwekaje kushoto?" Hata mimi mgeni nampa kikombe kwa mkono wa kulia. Akaahidi kuzibadilisha kesho, kwa kuwa mzee alitarajiwa Jumamosi.

Mzee amekuja leo.

Lori lilisimama mbele ya nyumba saa za alasiri. Mume wangu alikuwa bado boma. Utingo alimshusha mzee, vumbi tupu tangu kofia hadi viatu, akanisalimu, "Kamwene, mama. Mzee wenu ameshikwa na baridi, anasema kwanza aoge. Amesikia harufu ya moto wa bafu." Niliinamisha kichwa, nikaonyesha mlango kwa kidole. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia utingo habari ya koki, dereva akapiga honi, na kijana wa watu akawa ameshamfikisha mzee mlangoni, ameweka mfuko chini, anakimbilia lori.

Nilikimbia kwa jirani. Mlango umefungwa, amekwenda sokoni. Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikachomoa kuni zote motoni na kuzimwagia maji. Pipa halikujali. Liliendelea kunguruma.

Ndani nikasikia mkanda unafunguliwa. Nikasikia viatu vinavuliwa, kisha kiganja kinapapasa ukuta.

Nilijua anavyopapasa. Nilijua mkono gani. Nilijua pia kwamba akiungua nitasikia maji tu, sitasikia mtu.

Nilirudi mlangoni. Aibu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni. Mkwe, uchi, upande wa pili wa ubao! Mama yangu angesikia angefunika uso. Nikaweka mdomo karibu na ufa wa mlango nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Baba, ya kulia inaunguza. Anza na ya kushoto."

Kimya.

Kimya kile kilinitisha kuliko maji. Nikafikiri amekasirika, atavaa, ataondoka na lori la kesho bila kutazamwa macho, na Ukinga nzima itajua mwanawe ameoa mwanamke wa namna gani. Kisha akakohoa. Mara moja, kikohozi cha mtu mzima anayetaka ajulikane yupo. Koki ikalia, maji yakaanza kumwagika, na kwa mlio wa bomba nilijua ni yale ya tangi. Nilikwenda jikoni nikakaa chini sakafuni.

Mume wangu aliporudi aliuona mkono wangu kabla sijasema lolote. Nikamweleza yote, hata la mlangoni. Hakucheka safari hii. Aliingia bafuni na kamba ya katani, akaizungusha kwenye msalaba wa maji ya moto, mizunguko minene, juu ya nikeli yake yote. Jumamosi, akasema, anakwenda Makambako kutafuta koki ya mkono mrefu, Mhindi apende asipende.

Kisha akaenda kukaa karibu na baba yake, nami nikiwa jikoni na mlango wazi, akaanza kumfafanulia habari za bafu: kwamba kuna koki mbili, kwamba ile ya kulia...

"Nimeshaambiwa," mzee akasema.

Hakusema na nani. Mume wangu naye hakuuliza.

Wanakula sasa, na mimi niko hapa na kalamu. Kesho asubuhi mume wangu akishakwenda boma tutabaki wawili tena, mzee na mimi. Mlango ule kati yetu sijui kama nimeufungua au nimeuvunja. Ila nikiona amekanyaga kaa, sitamngoja mwanawe; nitamwita mimi.