Alama ya Sikio na Hukumu ya Marieta

Mshauri, shikamoo sikuandikii, maana nasikia hata mvi huna, wewe ndiye wa kunipa. Naomba msaada lakini usinizungushe. Mimi ni bibi wa kijiji cha Daudi, shule niliishia darasa la pili, ila shamba langu halina magugu na wajukuu zangu hawajawahi kuomba chumvi kwa jirani.

Miaka saba iliyopita malisho yalipotuishia nilimpa Gidabuday wa Dirma mitamba wawili anitunzie, yeye anywe maziwa, ndama wawe wangu, kama tunavyofanya siku zote, na mwanangu Hilary ndiye aliyewaswaga mpaka kule, na mimi mwenyewe nikamwambia Gidabuday awakate masikio kwa alama ya ukoo wake, maana kule ng'ombe mwenye sikio la kigeni hakai. Halafu tope likashuka mlimani Katesh likamchukua Hilary, akaniachia mabinti wake wawili, na hao ng'ombe ndio urithi wao wote. Gidabuday alikuja msibani, akakaa na jirani yangu Fausta, akaniambia Fausta akisikia, "Mama Hilary, ng'ombe zako zimezaa, usiwaze." Mwaka jana nilikwenda kuwachukua, wako kumi na mmoja, ananiambia Hilary alimpa kabisa, angalia masikio, ila chukua watano tusigombane. Nikamwambia watano kampe mama yako.

Nilijiamini kwa sababu ya Marieta, wa hukohuko Dirma, aliyedai ng'ombe wake mpaka Mahakama Kuu akashinda. Mjukuu wangu Paskalina alinisomea hukumu yake, jaji ameandika wazi kwamba alama ya sikio si hati ya umiliki. Nikaibeba karatasi ile mahakama ya mwanzo, sikupeleka shahidi hata mmoja, shahidi wa nini na jaji ameshasema? Hakimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa mama yake, akasema, "Bibi, hayo jaji aliyasema kwa kupitia tu, siyo yaliyoamua kesi. Hayanifungi." Nimeshindwa. Mabinti hawajui, wananiuliza zizi tulipanue lini. Hivi jaji mkubwa anasema maneno ya bure? Nikate rufaa?

Bibi Kornelia, Daudi

Shikamoo, bibi. Nimeshaitoa, sasa nisikilize. Pole sana kwa Hilary.

Hakimu hakukuonea. Neno la jaji wa juu humfunga hakimu wa chini pale tu lilipobeba uamuzi. Utalijuaje? Funika mstari mmoja wa hukumu kwa kidole, ujiulize kama mshindi angebaki yuleyule. Nimeitafuta hukumu ya Marieta, nimeisoma yote, siyo mstari ulionipendeza. Funika mstari wa masikio: Marieta bado anashinda, maana kwenye kesi yake hakuna aliyebishania masikio. Sasa funika pale mtunzaji wake alipokiri mahakamani kwamba alipewa ng'ombe atunze tu, ila miaka imepita mingi. Hapo Marieta anaanguka. Basi kinachofunga ni hiki: aliyepokea ng'ombe kutunza hageuki mwenye ng'ombe kwa sababu ya miaka. Ya masikio yalikuwa mazungumzo ya jaji.

Linaloniuma ni jingine. Gidabuday naye alikiri, msibani kwako, Fausta akisikia. Ulikuwa na kitu kilekile kilichomshindisha Marieta, ukakiacha nyumbani ukabeba kilichokufurahisha. Mtu mzima hafanyi hivyo na urithi wa yatima.

Rufaa? Mahakama ya juu husoma yaliyoandikwa kule chini. Shahidi mpya hupokelewa kwa nadra na kwa sababu nzito, na kujivuna siyo sababu. Siku za rufaa ni chache, kwa hiyo nenda wiki hii kwa watu wa msaada wa kisheria uwaulize kama Fausta anaweza kusikilizwa. Usiweke tumaini kubwa.

Lakini leo, kabla hawajalala, waambie mabinti ukweli, wasikie kwako. Kisha nenda Dirma na Fausta. Karatasi iache. Mwombe Gidabuday radhi kwa lile la mama yake, na Fausta amkumbushe alichosema msibani. Akikupa watano, pokea. Akikupa mmoja, pokea, na ng'ombe huyo mkate sikio hapohapo kwa alama yako, Fausta akiona.