Tovuti Haikutakiwa Kuzimika

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimeisha. Mimi mzima wa mwili. Hasira tu ndiyo imenijaa hadi kooni, na najua nikikupigia simu nitakutukana, nami sikulelewa hivyo. Bora niandike.

Unakumbuka kwa nini tuliianzisha ile tovuti: mwenye kisukari aone duka gani la dawa lina insulini leo, asizunguke bure. Miji mingine ilipoitaka, mimi ndiye niliyekushawishi tuigeuze iwe mtandao, kila mji na tovuti yake, zote chini ya paa moja. Nikakwambia pia kwamba hatuwezi kuizima hata kidogo, maana watu huitazama kabla ya kutoka nyumbani. Ndiyo maana nilitengeneza nakala pembeni, nikawa naiharibu na kuiunga upya mpaka ikatii. Jumamosi ile ilibaki kuhamisha tu, ile ya zamani ikiendelea kuhudumia watu mpaka mpya ishike. Nilikuomba jambo moja: usiguse mipangilio. Ukacheka, ukasema, "Mdogo wangu, unaniona mtoto?"

Hukuniambia umekodi ukumbi. Hukuniambia kuna wageni, wapiga picha na skrini kubwa. Mimi niko ofisini, kazi inakwenda vizuri, ghafla kurasa zote zikaanza kurushana huku na huko, hakuna hata mmoja unaofunguka. Kuchungulia, nakuta anwani kuu, inayobeba tovuti zote, ya zamani na mpya, imebadilishwa, imewekwa ya mji wako, na aliyebadilisha ni wewe. Ulitaka wageni wako waone mji wako uko juu, sisi wengine wote tuwe matawi yako!

Nilikupigia. Nikapiga tena na tena, kumbe uko jukwaani. Ilibidi niinyooshe mwenyewe, na mpaka ikakaa sawa jua lilikuwa utosini. Siku ya pili mpiga picha wako mmoja akanitumia hotuba yako, nikakusikia kwa masikio yangu ukiwaambia wageni skrini ilipogoma: "Mtuwie radhi, kazi hii anaifanya mdogo wangu, bado anajifunza." Wakakupigia makofi. Makofi, kaka!

Yangeishia hapo, ningenuna, yakaisha. Lakini kuna jambo mama alinikataza nisikwambie, na nimeshindwa kulimeza. Asubuhi ile chupa yake ya mwisho ya insulini ilimponyoka ikapasuka sakafuni. Akafungua tovuti yetu, haifunguki. Akanipigia, simu yangu inatumika, kwa sababu nilikuwa nakutafuta wewe. Akatoka kwa miguu, hajachoma sindano wala hajatia kitu tumboni, anauliza duka hadi duka, kote hakuna. Mwisho akaketi kwenye ngazi za duka moja, na muuzaji alipomuuliza jina, hakulijua. Yule muuzaji ndiye aliyefunga duka lake akampeleka hospitali. Mimi nilipata habari tayari amelazwa.

Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta, na bado anakutetea. Eti una mambo mengi. Eti ukijua utajilaumu bure. Mimi nataka ujilaumu.

Kwa hiyo usishangae ukiingia kwenye mtandao ukakuta huna tena mamlaka juu yake. Nimekuondoa mimi. Wenzetu wa miji mingine nimewaeleza sababu, na hakuna aliyefungua mdomo kukutetea. Nimekuachia tovuti ya mji wako, uiendeshe kama wao wanavyoendesha zao. Ukitaka kugusa kitu kikubwa, utaomba, na ukikataliwa utakaa kimya.

Nisalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Mama anakusalimu sana. Usimpigie simu, maana atakudanganya kuwa ni mzima nawe utaamini upesi. Panda gari uje, ukae naye chumbani, umwone anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Ukishamwona, njoo ofisini kwangu tugombane.

Ni mimi,
mdogo wako.