Kwa Mama Cheche, Aliyekata Kiungo Kizima

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu maradhi ya moyo yakuondoe kwetu, na bado hatujazoea nyumba inayoamka bila kelele zako za chuma.

Mtaa mzima ulikuita Mama Cheche. Ulichomelea mageti, madirisha na vitanda, na jirani akileta sufuria iliyotoboka ulimzibia ukamwambia akawahi kupika. Ulikuwa na tabia ya kugonga kila kiungo kwa kidole na kusikiliza, hata viti vya watu tuliokwenda kuwatembelea. Sisi tuliona haya, wewe wala.

Kisha ukaanza kuunda ndege. Rafiki yako, rubani mstaafu, alileta michoro, wewe ukaleta mikono. Mabomba membamba ya chuma yalijaa uani hata nguo tukawa tunaanika kwenye fremu ya mkia. Kaka yako, Mjomba Tarumbeta, akasema kwa sauti yake ile isiyohitaji simu, "Dada, kuku ana mabawa na bado anatembea."

"Kuku hakupata fundi," ukamjibu, hata miwani hukuvua.

Siku ya kuirusha ilipofika, mkaguzi alikuwa amekwisha kuipitisha. Watu walijaa kando ya uwanja, na Mjomba alikuwa amealika wenzake wote wa kazini. Rubani alikuwa keshafunga mkanda. Ukaenda mbele, ukaweka kiganja kwenye fremu inayoshika injini, ukagonga kiungo kimoja kwa kidole. Halafu ukasema, "Leteni msumeno."

"Wa nini tena?" Mjomba akauliza.

"Kiungo hiki nilikichomelea siku tuliyopata habari za msiba wa dada yetu. Mikono ilikuwa kazini, mimi mwenyewe sikuwepo."

"Mkaguzi kakipitisha. Watu wote hawa, utatuaibisha."

"Aibu huisha, kaka. Huyu mwenzangu aliyefunga mkanda ana watoto."

Mkaguzi alikutazama, akafunga mkoba wake. "Fundi akiwa na shaka, haruki mtu," akasema. Ukakata. Watu wakaondoka, wengine wakicheka, na Mjomba akaingia garini bila kuaga.

Nyumbani ulikipasua kile kipande, ukakipiga tupa, ukakigeuza juani. Chuma kilikuwa kimeshikana vizuri mpaka ndani. Baba akakichukua akakiangalia naye. "Kizima hiki," akasema polepole. "Umekata bure, mama watoto."

"Sasa najua kwamba ni kizima. Asubuhi nilikuwa sijui."

Ukaketi kwenye kigoda cha karakana, ukamlilia Mama Mkubwa, dada yako. Siku ya maziko hukutoa chozi. Ulikuwa ukipanga viti na kuwabembeleza wengine. Baba alikaa chini kando yako mpaka ukamaliza.

Ulichomelea upya, safari hii taratibu, ukiimba. Ndege ikapaa, nawe ukiwa kiti cha nyuma, kilemba kimefungwa kama unakwenda harusini. Hakukuwa na wageni, ila sisi, na Mjomba aliyesimama mbali akijifanya amepita tu. Mliposhuka alikukimbilia, akakushika mikono yote miwili, na sauti haikutoka. Ukamwambia, "Nyamaza hivyohivyo, kaka, umependeza."

Tulidhani tutakuwa nawe muda mrefu baada ya hapo. Mungu alipanga vingine.

Dada yetu mkubwa ndiye anayeendesha karakana. Wateja wanamwambia ana mkono wako, naye huwajibu kwamba bado anautafuta.

Na Baba, Mama, amepanda ndege yako. Wakati wa uhai wako hukuthubutu kumwomba, maana ngazi tu ilimtoa jasho. Mwezi uliopita alikwenda kwa rubani mwenyewe, hakutuambia. Aliporudi tulimzunguka, tukamwuliza ameona nini huko juu.

"Nimeona paa letu," akasema. "Limechakaa rangi. Mama yenu aliliona, akaninyamazia."

Jumamosi hii tunalipaka.

Unakumbukwa na mumeo, wanao na wakwe zako, wajukuu zako, kaka yako Tarumbeta, wifi zako, na rubani, ambaye tumekwisha kumhesabu ndugu. Pumzika, Mama. Maadamu tuna uhai, hutatutoka moyoni.