Mstari Ulioishia Kwapani

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Goti lako linasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanajua kalala? Sisi huku wazima kabisa, na nina habari ya kukueleza, hivyo kaa chini kwanza.

Binti yetu, Bi Kwanini, Jumatano alisimama mbele ya maprofesa watano kutetea utafiti wake. Wakiukubali, anapata shahada ya juu kuliko zote na kazi kwenye maabara. Wakiukataa, miaka sita imekwenda na maji. Niliwahi kiti cha mbele. Nilimwambia mlinzi, na mama aliyekaa kando yangu, na mume wa huyo mama, kwamba yule ni wangu, nimemzaa mwenyewe.

Utafiti wenyewe nimeuelewa, usicheke. Anasema ndani ya punje ya chumvi mna chembe zilizojipanga safu kwa safu kama mishono ya sweta. Lakini punje ikiganda kwa haraka, safu moja inaweza kuishia katikati, na jirani zake wakajibana kuziba pengo. Ulimwengu nao, anasema, ulipokuwa mchanga ulikuwa moto, ukapoa, na huenda makosa ya namna hiyo yamebaki huko juu kati ya nyota. Anayachunguza madogo ili ayakisie makubwa. Mtoto niliyembeba mgongoni, leo anakagua mishono ya mbingu.

Kuonyesha hilo alikuwa amefuma kitambaa, upana wa leso, safu moja ikaishia katikati. Sasa asubuhi ile alipokwenda kusukwa nywele, nilikikuta mezani. Nikasema masikini, mtoto wangu ataaibika mbele za watu kwa ufumaji mbovu. Nikakifumua, nikakifuma upya, kikanyooka kama rula. Nikakitia kwenye mkoba wake, kimya.

Ukumbini akakiinua, akawaambia maprofesa watazame pale safu inapokatika. Wakatazama. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Profesa mwenye upara akauliza kosa liko wapi. Mwanangu akanigeukia, na yale macho nayajua.

Nikasimama. Nikasema kosa limerekebishwa na mama yake, ila lipo jingine. Nikavua sweta langu la kijani, lile ninalojisifia kwa kila mtu, nikawaonyesha kwapani: mstari umeishia katikati, jirani zake wamejibana, na miaka kumi na moja halijafumuka. Likapita mkono kwa mkono. Mwenye upara akasema hajawahi kuonyeshwa jambo hilo waziwazi hivyo. Bi Kwanini akaendelea, na wote watano wakamkubali. Nje aliniambia nisiguse tena ulimwengu wake bila ruhusa, kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Sasa na lako. Lile sweta la buluu nililokufumia ulipoolewa, inua mkono wa kushoto uangalie kwapani, mstari unapokatika. Nilikuambia ni mtindo mpya wa mjini. Si mtindo, mdogo wangu. Nilikosea nikiwa nawasengenya wewe na shemeji kwa jirani. Nisamehe, wala usilifumue: binti yetu anakuja kulipiga picha.

Mwambie shemeji ukoo umepata msomi, sasa akorome kwa adabu. Karatasi imeisha, majivuno bado.

Ni mimi dada yako,
Mama wa Msomi