Yale Maneno Yako ya Kuuma

Baba Zainabu,

Sianzi na salamu maana najua hutaitikia. Nakuandikia kwa zile herufi za chuo ulizonifundisha mekoni, mimi ambaye sikukaa mkekani na vijana wako hata siku moja. Zimepinda, najua. Mkono uliozoea jembe na mchi hauikati vizuri ile ain, na wewe hupo tena wa kunigombeza kwa ajili yake. Soma hivyo hivyo.

Niko eda. Wameniweka chumba chetu cha nyuma hapa Ifakara, kile chenye dirisha moja la uani. Ua wa mabua umetoboka mahali, na kwenye tundu hilo naliona kaburi lako. Hawajajua kwamba linaonekana, wangeliziba. Shuka nyeupe, mafuta hapana, kicheko hapana, mlangoni hapana. Miezi minne na siku kumi. Ulikuwa ukiwafundisha wajane wa watu sheria hii kwa ile sauti yako ya taratibu, mimi nikipepeta mchele upande wa pili, nikiona ni jambo la kukaa tu. Kumbe kukaa nako ni kazi. Kuta zimenisogelea, mume wangu. Nikiinuka nasikia, "Unakwenda wapi?" Chooni, jamani. Na chooni nasindikizwa.

Anayenilinda ni Mwanahawa, mke wa mdogo wako Athumani. Ananilinda kwa macho mekundu, na simlaumu, maana anajua nia ya mumewe. Matanga hayajapoa, Athumani alikuja akachuchumaa pale kizingitini, akakohoa, akasema, "Shemeji, ukitoka eda nitakurithi. Mali ya marehemu isitawanyike." Nikamwambia, "Mimi ni bibi wa wajukuu. Unanirithi nikupikie nini, na meno huna?" Akasema uji ataweza. Nilitaka kucheka na kicheko kimekatazwa, kwa hiyo nililia.

Lakini Athumani si mjinga. Kesho yake alibeba godoro lake la sufi akavuka mto upande wa Lupiro, akapanda dungu letu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo. Mpaka leo yuko juu kule, anaamia ndege kwenye mpunga wangu. Wewe unajua mambo ya bondeni. Jumbe akipita kabla ya mavuno haulizi nani alilifyeka shamba, nani aling'oa matete mpaka kucha zikatoka. Anatazama moshi wa dunguni ni wa nani. Anayeamia ndiye mwenyewe. Nikitoka humu ndani mpunga umekwisha kukatwa, shamba lina jina la Athumani, na mimi nina mawili tu ya kuchagua: niwe mke wake wa pili, au niende Kiberege nikawe mzigo kwa wakwe wa Zainabu, nile kwa kuomba. Zainabu mwenyewe angekuja kunikalia dunguni, ila ananyonyesha, na mumewe kasema hapana.

Hivyo nakaa hapa natafuna maneno yako. Sina kingine cha kutafuna.

Wakumbuka ulivyokuwa ukitoka chuoni adhuhuri, unanawa, unakaa, na kabla hata ya tonge la kwanza unaanza? Ulisema maneno ya Kiarabu ni kama mhogo, shina moja chini yake mihogo mingi, na ukivuta mmoja inakuja yote na udongo wake. Ukanipa yale ya kuuma kwa sababu niliuliza kwa nini watu wale wana maneno mengi hivyo kwa kazi ya meno. Khadhama, ukasema, ni kula kitu chenye maji kwa kinywa kizima, kama tango. Kadhama ni kumega kikavu kwa ncha za meno, kama punda na shayiri yake. Nikakuuliza, na hindi la kuchoma? Ukaenda kufundisha ukarudi alasiri, ukasimama mlangoni na juzuu mkononi, ukasema, "Mama Zainabu, inategemea limechomwa vipi." Mwanamume mzima, alikuwa akilifikiri hindi langu mchana kutwa. Nilikupenda sana siku ile na sikukuambia.

Na ile adhdha, ndiyo kuuma kwenyewe, kushika kwa meno. Nikasema, basi hii ndiyo adha ya ndugu zako, ukatikisa kichwa, hapana, hiyo ina shina lake jingine, hizi mbili hazijuani hata kwa salamu. Haya. Lakini shina hili la kuuma ulilivuta mbele yangu mpaka wali ukapoa. Kuna farasi mwenye tabia ya kuuma. Kuna mtawala anayewauma raia wake, hapo ukashusha sauti ukatazama upande wa boma. Majuto nayo ni kujiuma vidole, nikasema hilo hata sisi tunalo, hamkutuletea ninyi. Tena kuna kisima kirefu ambacho maji yake hayapatikani ila kwa mateso, nacho huitwa kinachouma. Siku hiyo sikukielewa. Kisima kinaumaje? Sasa niko ndani yake, nakielewa. Juu naona kipande cha mbingu ukubwa wa ungo, na kamba anayo Athumani.

La mwisho ulilolitoa kwenye shina lile ni mtu aliyeshika jambo kwa magego. Si kwa meno ya mbele, yale ni ya kuonja. Magego yakishika hayaachii. Ulilisema huku unatafuna mfupa wa samaki kitoga.

Nyoka je? Sitaki kuandika, lakini nani mwingine nitamwambia. Watu wanaikimbia habari hiyo. Ulishuka ngazi ya dungu kuchota maji ya kutawadha, na alikuwa pale chini ya kipandio. Hukupiga kelele. Ulipanda tena ukakaa, ukanionyesha kifundo cha mguu kama mtu anayeonyesha mwiba. Nikasema, "Nyoka amekuuma." Nawe, pumzi zimeanza kufupika, ukasema huko si kuuma kwa siku zote, nyoka ana neno lake, ladagha, nisichanganye. Bado unafundisha. Nikafunga mguu kwa pindo la kanga, nikampigia ukelele Mama Agata wa dungu la jirani, akaleta mtumbwi. Tukakulaza, kichwa mapajani mwangu. Ukaniambia Waarabu wa kale aliyegongwa na nyoka hawakumwita mgonjwa. Walimwita salimu, yaani mzima, kwa kumtakia uzima. Ukasema, "Niite hivyo."

Nikakuita Salimu. Mama Agata na rozari yake shingoni anapiga kasia, anakuita Salimu. Katikati ya mto uliitikia. Karibu na kivuko hukuitikia.

Basi wakakuzika, na mimi wakaniingiza humu. Hakuna aliyeuliza kitu. Mjane wa mwalimu, nyumba ya mwalimu iko mjini, aingie. Na mimi nikaingia kama mbuzi.

Juzi Mwanahawa alikuwa kizingitini anachagua mchele. Mama Agata alikuwa amepita uani kuniletea habari kwamba mpunga umeanza kuinama na ndege kwelea wanateremka kama mvua, na Athumani analala mchana. Alipoondoka, Mwanahawa akasema bila kuinua uso, "Mke mwenzangu mtarajiwa." Nikamwambia aniache. Akasema, "Nakuuliza tu. Mwalimu si alikuwa akisema mjane hukaa nyumba ile waliyokuwa wakikaa msiba ulipowakuta? Ninyi mlikuwa mkikaa wapi?"

"Dunguni, tangu mvua za kwanza."

"Basi hapa unafanya nini?"

Tukatazamana. Mchele ukamwagika nje ya ungo.

Athumani alipovuka kuja kuoga nikamwambia yote kwa mpangilio. Akasema dungu si nyumba. Nikamuuliza nyumba ni nini, kama si pale palipo na meko yangu, kitanda chetu, na ubao wako wa kufundishia ukiwa umetundikwa kwenye nguzo. Akasema, "Marehemu alifia mtumbwini, kakae eda mtumbwini." Mwanahawa akajishika mdomo, sijui ni kwa hasira au kwa kucheka. Mwisho akasema atakwenda kumuuliza mwalimu wa Kiberege, barabara ikikauka. Nisubiri. Anajua ndege hawasubiri barabara.

Sina hakika, mume wangu. Wewe ndiye ungejua. Huenda nimekosea na watasema mjane wa mwalimu kavunja sheria ya mwalimu, na maneno hayo yatakuuma wewe kuliko mimi. Nimelipima hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Lakini sitoroki eda, naihamisha. Dunguni nako ni kifungo, maji pande zote, ngazi sitaishuka ila kwa haja, shuka nyeupe ile ile, mafuta hapana. Nitapiga makopo na kuvuta kamba zenye vibuyu, na kama kumfokea kwelea ni kuvunja matanga, Mungu atanisamehe, kwelea ameumbwa na Yeye.

Alfajiri Mama Agata analeta mtumbwi nyuma ya migomba. Mwanahawa anakuja pia. Anasema yeye hanisindikizi mimi, anakwenda kumteremsha mume wake kwa sikio. Godoro amesema atalibeba mwenyewe.

Kinachonivuta kubaki ni wewe. Huku nakuona kwa tundu la ua, kule sitakuona. Udongo umetitia upande wa kichwani baada ya mvua ya juzi. Nimemwagiza Zainabu akija aujaze, asitumie ule wa kichuguu, una mchwa. Vijana wako wawili wanapita jioni kukusomea, mmoja bado anakosea pale pale, nimemsikia. Sikumrekebisha, mimi ni nani.

Haya. Nakuaga, Baba Zainabu, kwa sababu siku ile mtoni sikukuaga, nilikuwa nakuita. Nakuahidi hivi: eda ikiisha na mpunga ukiwa ghalani, wa kwanza nitautwanga kwa mkono wangu, nipike, vijana wa chuo wale washibe wakuombee. Halafu nitakuja kukaa hapo kando yako kutwa nzima, asiulize mtu nakwenda wapi.

Lala sasa. Mimi nina ndege wa kufukuza.

Mkeo,
Mama Zainabu