Flashi Niliyoambiwa Niitupe

Mikumi,
12 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Debora,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, ila vidole vinauma: miaka ishirini na sita nachapa barua za wengine, leo naandika yangu kwa mkono. U hali gani huko Iringa? Baridi umeizoea? Kula vizuri, usiniaibishe kwa kukonda.

Najua umenipigia sana. Simu yangu imechukuliwa na kamati ya shule. Usishtuke. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha tatu umekutwa kwa wanafunzi siku tatu kabla ya kufanywa, na aliyeuchapa ni mimi. Nimesimamishwa kazi. Bodi itanisikiliza Kilosa mjini tarehe 17 Januari. Wakiniona na hatia nafukuzwa, na jina langu hapa Mikumi ndiyo basi tena. Waliniuliza nilimpa nani. Nikasema sikumpa mtu. Ni kweli, na sikuongeza neno.

Wewe soma. Usije. Barua hii nampa Bonifas, kondakta wa basi la Iringa, na jibu lako mpe huyo huyo. Ni mdaku lakini hapotezi mzigo.

Shangazi yako,
Costancia


Iringa,
19 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila tangu nisome barua yako chakula hakipiti. Wewe uibe mtihani! Wewe uliyenirudisha dukani juani kwa sababu ya kiberiti kimoja walichonizidishia!

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho ninachokisoma. Mwalimu Makarius, anayetufundisha uchunguzi wa kompyuta, anasema kompyuta ni kama jirani mmbeya. Inaandika kila flashi iliyowahi kuchomekwa, namba yake, siku na saa. Hata faili ulilolifuta, mara nyingi bado limo. Kwa hiyo aliyeiba ameacha nyayo. Waambie kamati wasiiwashe tena kompyuta yako, maana kila ikiwashwa inaandika mapya juu ya ya zamani. Waifunge kwenye mfuko, wabandike lakiri, na kila atakayeishika aandike jina na saa, asaini. Kisha waombe mchunguzi. Nyayo hizo zitakutoa.

Shangazi, baba alipofariki ukanichukua nikiwa darasa la tatu. Ni wewe uliyenikalisha kwenye kiti chako cha ofisini, miguu haifiki chini, ukaniambia nitafute herufi za jina langu. Leo nasomea mashine zile zile. Niache nikufae mara moja.

Mwanao,
Debora


Tindiga,
2 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Niko Tindiga kwa binamu yangu Regina, tunaandaa shamba la mpunga. Mgongo umenikumbusha kwa nini nilikimbilia ukarani.

Barua yako nimemsomea Regina mara mbili kwa kujivuna. Hakuelewa kitu, akasema una akili sana. Lakini mchunguzi sitamwomba. Kompyuta wameifungia stoo, ikae huko huko. Nitasema nilizembea, wanifukuze, yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Jingine ni dogo. Ile flashi yako nyekundu itupe. Imezeeka, nitakununulia nyingine. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako,
Costancia


Iringa,
13 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naomba mgongo uwe umepoa. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Sikuitupa. Nilikaa siku nne nikijiuliza, mtu anayekaribia kufukuzwa kazi anakumbukaje flashi yangu? Kisha juzi Mwalimu akatuambia tulete flashi za zamani, tujifunze kufufua yaliyofutwa. Nikapeleka hiyo. Shangazi, ilifufuka na folda lako zima la mitihani, na Hisabati ya kidato cha tatu imo. Lilinakiliwa tarehe 4 Oktoba, saa kumi na dakika kumi jioni.

Siku ile nilikuja ofisini kwako kuchapa fomu zangu za chuo, printa ikawa imeishiwa wino. Wewe ukaitwa na mkuu wa shule. Mimi kwa haraka zangu nikanakili kila kilichokuwa karibu na fomu, nikakimbilia steshenari ya pale stendi. Mwenye steshenari akahamishia flashi yote kwenye kompyuta yake, kama wanavyofanya wote, nami nikamwachia nikaenda kuchagua begi. Nilipofika chuoni nikaona mafaili yasiyonihusu, nikayafuta bila hata kuyafungua.

Sikuiba. Lakini mlango niliuacha wazi mimi.

Na wewe ulijua. Tangu lini?

Mwanao,
Debora


Tindiga,
20 Desemba 2024

Debora,

Marahaba. Nilijua siku ile ile waliponionyesha karatasi. Mashine yangu haijawahi kuchomekwa kitu na mtu mwingine zaidi yako.

Sasa usinifundishe kazi. Nani atamwacha asomee kukamata wahalifu, mtu ambaye mtihani ulitoka mikononi mwake? Mimi nina miaka hamsini na sita. Nikifukuzwa, mpunga upo. Ukifukuzwa wewe, kuna nini? Nakukataza kuja Kilosa. Nakukataza kama mzazi, na sijakukataza mambo mengi.

Krismasi njema. Barua hii ichome.

Shangazi yako


Iringa,
10 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Sikuichoma.

Flashi nimeifunga kwenye mfuko wa ushahidi, tumesaini mimi na Mwalimu Makarius, na imeshatumwa kwa mwenyekiti wa bodi, Mchungaji Hezekia, pamoja na maelezo yangu yote. Mwalimu nilimweleza kila kitu. Akasema, "Debora, uongozi wa chuo nitauambia. Sina namna." Nikamjibu najua. Watakachoamua bado sikijui, na naogopa sana.

Sina neno la kukushukuru. Sare zako ulizozipunguza zikanitosha, ada, uji wa asubuhi kabla ya wewe kunywa chai, vyote nimevipokea bila kuhesabu, na ninakushukuru kwa kila kimoja. Hiki cha mwisho tu ndicho siwezi kukipokea. Nikikipokea, kila faili nitakalolifufua maisha yangu yote litaniuliza habari zako.

Ni mara yangu ya kwanza kukukaidi. Nisamehe. Tarehe 17 nitakuwa Kilosa.

Mwanao,
Debora


Mikumi,
2 Februari 2025

Mwanangu Debora,

Nakusalimu kwa furaha. Hujambo? Mimi sijambo kabisa, hata mgongo umesahau. Simu wamenirudishia, lakini haya siwezi kuyasema kwa simu bila kulia, na Bonifas amezoea bahasha zetu.

Ulipoondoka Kilosa bodi ilimleta mchunguzi. Akaikuta namba ya flashi yako na saa ile ile uliyoitaja. Karatasi nazo zikafuatwa mpaka steshenari. Jumatatu nimerudi kazini. Nimepewa onyo la maandishi kwa kumwachia asiye mtumishi kompyuta ya ofisi, na onyo la pili kwa kukaa kimya. Maonyo mawili kwa mpigo, miaka yote sikuwahi kupata hata moja! Nimeyapokea kwa mikono miwili.

Na chuo kukuacha uendelee, hilo nililipigia magoti. Mwambie Mwalimu Makarius namshukuru, na mchele wa Regina uko njiani.

Uliposimama mbele ya wale wazee nilikukasirikia, nakiri. Halafu nikasikia sauti yako haitetemeki, ukitaja saa na dakika, hujitetei wala hunitetei, unasema tu yaliyotokea. Nikashindwa kujizuia, nikalia mbele ya mkuu wa shule. Asante kwa kunikaidi, mwanangu. Asante sana.

Jana wameniletea muhtasari wa kikao hicho hicho niuchape, maana mwingine wa kuuchapa hawana. Mhudumu aliyeshika kalamu siku ile ameandika, "Debora, binti wa mtuhumiwa, alijieleza." Mimi mihtasari ya bodi hii huwa naisahihisha yote, majina, vyeo, tarehe, nani ni nani wa nani. Hapo sikugusa. Nilichapa kama alivyoandika, nikaupeleka ukasainiwe.

Shangazi yako,
Costancia