Ongea na Huyu

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wewe na mama mkiwa salama, na mguu wa mama umepungua kuvimba. Mimi ni mzima wa afya, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha.

Najua utacheka kwamba watu wa mji mmoja tunaandikiana barua. Lakini kutoka kambini kwetu hadi kwenu ni foleni ya nusu siku, na kwenye simu wewe unapiga kelele mpaka wenzangu wanadhani nagombezwa. Kwa hiyo barua nampa jirani yenu, fundi cherehani, maana duka lake liko karibu na makutano yangu na kila jioni anarudi huko kwenu.

Uliuliza kazi ya utrafiki inaendaje. Mataa ya makutano yamekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo mataa ni mimi. Nikinyoosha mkono kusimamisha upande mmoja, wa mbele wanasimama na wa nyuma yao wanapiga honi kama vile nimewazuia kwa chuki. Pikipiki zinapita kinyume. Jana gari kubwa jeusi lilipanda njia ya waenda kwa miguu ili liruke foleni, likawa linampigia honi mama mwenye beseni kichwani ampishe. Ampishe aende wapi, baba? Nikalisimamisha. Dereva hakushusha kioo chote. Alikishusha kiasi cha mkono kupita, na mkono ukatoka na simu. "Afande, ongea na huyu."

Hilo ndilo linalonimaliza. Si vumbi, si jua. Kila ninayemkamata ana "huyu" wake. Wa jana aliniuliza kama namjua. Nikamwambia simjui. Akasema nitamjua, na kweli, kabla ya saa ya chakula mkuu wangu alikuwa ameshaniita nirudishe leseni ya watu. Yule dereva aliipokea akanishukuru kwa tabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko tusi.

Naandika maombi nihamishiwe stoo ya sare. Huko nitahesabu mikanda. Mkanda hauna mjomba wa kumpigia simu.

Nisalimie mama.

Binti yako


12 Februari

Koplo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anasema mguu ni mguu, leo unamsikiliza, kesho haumsikilizi. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka kliniki na gari letu kuukuu, tunarudi salama, na njiani tunagombana kuhusu redio.

Barua yako nimeisoma nikasikitika, halafu nikakasirika. Mimi nimefundisha udereva tangu hujazaliwa, na mpaka leo kuna wazee na mvi zao wanaoniita Mwalimu Kioo, kwa sababu nilikuwa nawapigia kelele, "Kioo kwanza, ndipo usukani!" Wakati ule mtu alikuwa anafeli mtihani analia. Siku hizi leseni inaletwa nyumbani kama gazeti, na mwenyewe hajawahi kurudisha gari nyuma hata hatua mbili. Halafu tunashangaa.

Lakini stoo usiende. Ukiondoka wewe, atasimama nani hapo? Yule mwenzako anayekunywa chai za madereva? Sheria ni msumeno, mwanangu, unakata mbele na nyuma. Ukiletewa simu usiipokee. Sema, "Mimi nazungumza na aliyeshika usukani." Hata huyo wa simuni akiwa nani. Mimi katika umri wangu wote sijaandikiwa faini, na sijawahi kumpigia mtu simu anisemee. Inawezekana.

Kunywa maji. Najua kazini huwa hunywi.

Baba yako


3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka kwenu, ingawa foleni ilinifikisha wenzangu wakiwa wameshakula na kuosha vyombo. Mwambie mama mchuzi wake bado naukumbuka.

Nina neno, na nimelizungusha mdomoni siku kadhaa. Ile Ijumaa ya likizo tulipokwenda kliniki pamoja, mimi nilikaa kiti cha nyuma. Njia nzima mama alikuwa anaongea. "Baiskeli kushoto." "Kuna mtu na mkokoteni." "Huyo anataka kuingia." Mwanzoni nilidhani ni woga wa abiria. Halafu akanyamaza kidogo kutafuta dawa kwenye mkoba, na wewe, baba, ukapunguza mwendo mpaka tukawa karibu tumesimama, barabara nyeupe kabisa mbele yetu. Alipoanza kuongea tena, na wewe ukaanza kwenda.

Baba, jicho la kushoto linaona? Siulizi kama askari. Nenda ukapimwe, tafadhali. Mume wa fundi cherehani ana teksi, amekubali kumpeleka mama kliniki, na hilo la nauli niachie mimi. Naogopa. Kila siku naona kinachobaki barabarani baada ya mtu kusema hakuona.

Usikasirike.

Binti yako


6 Machi

Koplo,

Marahaba. Sisi wazima.

Macho yangu yameiona barua yako vizuri sana na hayajapenda yaliyoandikwa. Mama yako anaongea garini kwa sababu anaongea kila mahali. Hata jikoni anaiambia sufuria kwamba itaungua. Kuhusu teksi, yule kijana anaendesha kwa viwiko, mkono mmoja simu, mwingine mswaki. Nimkabidhi huyo mke wangu?

Mama yako nilimpeleka kujifungua kwa gari, wewe ukiwa tumboni. Nitampeleka na kliniki. Siku hizi vifaranga ndivyo vinavyomfundisha kuku kuchakura.

Yaishie hapo.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii, lakini nataka usikie kutoka kwangu jinsi ilivyokuwa upande wangu.

Jumanne nilikuwa katikati ya makutano simu ikaita, nikaona ni namba yako. Wewe hunipigii kazini kamwe. Nikajua ni mama. Nikaacha magari yajiongoze yenyewe, nikakimbilia pembeni. Sauti haikuwa yako. "Samahani afande, kuna mzee hapa nimemsimamisha. Amenipa simu niongee na wewe."

Safari hii "huyu" nilikuwa mimi.

Alikuwa yule mwanafunzi wako wa zamani mliyemwita Breki, kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga breki mpaka watu wanagonga vioo. Kumbe siku hizi ni trafiki huko kwenu. Alikuwa anaongea kwa heshima. Akaniambia umepita kwenye kivuko cha shule watoto wakivuka, na kwamba msichana mmoja mdogo, aliyekuwa anatokea kushoto, aliruka nyuma gari likiwa limeshamfikia. Akasema hajaumia. Akasema, "Mzee ni mwalimu wangu. Niambie nifanye nini, nitafanya." Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema yuko nyuma, amenyoosha mguu kwenye kiti, amelala.

Nikamwambia, "Andika. Na leseni ubaki nayo mpaka alete karatasi ya daktari wa macho." Nikakata kabla sijabadili maneno.

Ningesema "mwachie," angekuachia, na Ijumaa ungerudi barabara ileile. Sikufanya hivyo kukuonyesha cheo, maana cheo chenyewe unakijua ni cha kusimama juani. Niliuona mwili wa yule mtoto kana kwamba umelala mbele yangu, na aliyeuangusha ni wewe. Sitaki kukujua hivyo, baba. Tangu Jumanne nalala kidogo na kula ni kwa kujilazimisha.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kila jioni napita dukani kwa fundi cherehani, na kila jioni ananionyesha viganja vyake vitupu kabla sijauliza. Anasema hujambo. Namshukuru kwa hilo.

Jumapili nilikuja. Nilipobisha hodi nilisikia redio ikizimwa, na mama akatoka akasema umelala. Tulikunywa chai tukizungumza kwa sauti ya chini kama nyumba ina mgonjwa. Akaniambia alikutupia ule usemi wa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na tangu hapo hata yeye unamjibu kwa neno mojamoja. Nisamehe kwa kuwagombanisha. Sikutaka mama awe katikati.

Habari za kazi. Maombi ya stoo nimeyachana. Wiki iliyopita kioo kilishuka, mkono ukatoka na simu, na mimi sikuipokea. Yule mtu alishangaa mpaka akaitazama simu yake kama imeharibika. Nikimwachia huyo, baba, nitakuwa nimekunyang'anya wewe leseni bure, na hilo sitaweza kulibeba. Nikaandika. Kesho yake mkuu akanihamishia kule daraja la malori, mahali pasipo kivuli wala choo, na wenzangu wananiambia nimejitakia. Labda ni kweli. Malori yenyewe hayana taa za nyuma, na madereva wake hawanitukani hata. Wananipita tu kama nguzo.

Sijuti, ila nimechoka, na zamani nilikuwa nachoka nikiwa na wewe wa kunitania. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisikia.

Sitaandika tena mpaka wewe uniandikie. Si kwa hasira. Naona kama nakubishia hodi kwenye mlango ambao hutaki kuufungua.

Binti yako


22 Mei

Mwanangu,

Marahaba, pamoja na zile mbili ambazo sikuzijibu. Mama yako hajambo na mguu umekubali dawa mpya. Anakwenda na ile teksi, mimi nakaa mbele na yule kijana. Simu ameacha. Mswaki bado.

Nilinyamaza kwa sababu uliniaibisha. Breki nilimfundisha mimi kushika usukani, halafu akasimama mbele yangu anaandika huku jasho linamtoka, na watoto wa shule nzima wanatazama. Nilikuchukia siku ile na siku nyingi zilizofuata. Nasema hivi sasa kwa kuwa imekwisha, na kwa kuwa nadhani ulikuwa unajua.

Nimepimwa. Daktari alinifunika jicho la kulia akaniuliza naona vidole vingapi. Nikamuuliza vidole viko wapi. La kushoto limekufa muda mrefu, na la kulia linalifuata polepole. Mama yako alijua kabla yangu. Hatukuwahi kulizungumza, usidhani tulipanga kukuficha. Yeye alianza tu kuongea, mimi nikaanza kusikiliza, tukaona mambo yanakwenda, na watu wakizoeana sana hata hatari wanaiona ni mazungumzo. Ile Jumanne mguu ulimuuma, akaomba akae nyuma. Ningeweza kusema hapana, siwezi kwenda bila wewe hapa mbele. Nikaona haya, nikawasha gari.

Breki aliniuliza kama nilimwona yule mtoto. Nilimwambia nimemwona, na kwamba nilimwachia nafasi ya kutosha. Ndiyo maana nikampa simu akupigie, nikijua utaniamini. Sikumwona, mwanangu. Hakukuwa na mtoto yeyote mbele yangu. Mimi niliona barabara nyeupe.

Leseni sikuifuata. Gari amelichukua mume wa fundi cherehani, na nilipompa funguo nilimwonyesha jinsi gia ya pili inavyotaka kubembelezwa, halafu nikaingia ndani sikutaka kusikia anavyoliwasha.

Sasa asubuhi sina pa kwenda, natoa kiti nakaa mlangoni. Watoto wa shule ile wanapita hapa, na yule msichana ni mmoja wao. Namjua kwa sababu siku ile Breki alinionyesha kwa kidole nihakikishe ni mzima. Yeye hanijui. Nadhani aliliona gari, hakumwona mzee aliyekuwa ndani yake. Anatokea upande wangu wa kushoto, kwa hiyo namsikia kabla sijamwona. Anasimama mbele yangu, anashikilia mkoba wake kwa mikono miwili, anasema, "Shikamoo babu." Nimeamkiwa maisha yangu yote na sikuwahi kulifikiria neno la kuitikia. Siku hizi siwezi kulitamka. Mtoto naye ana adabu, haondoki, anasubiri, mpaka mama yako anamwitikia kwa niaba yangu kutoka ndani.

Baba yako